Hoteli ya ufukweni kwa siku tatu tu: mnaanza kuangalia nini?

Kiganja_Chekundu

Wakuu, heshima kwenu. Tunataka kwenda pwani Ijumaa, turudi Jumatatu. Watu wazima watatu, mmoja ni mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua na ngazi nyingi hawezi. Pia kuna mtoto wa miaka 5, kuogelea bado. Tunachofuata ni bahari: kuoga, kukaa ufukweni, kulala. Ziara na muziki wa usiku hatuna haja navyo.

Nimepitia tovuti za kuweka nafasi mpaka macho yanauma. Kila hoteli ina alama 8 na pointi, kila moja ina picha ya bwawa la buluu na mnazi mmoja ulioinama. Nashindwa kuzitofautisha. Mnaojua mambo haya mnaanza na nini, nyota, bei au umbali? Na yapi hayaandikwi kwenye tangazo lakini ndiyo yanayoharibu safari fupi?

Bamvua

Anza na bahari, hoteli ifuate. Chumba kibaya utabadilishiwa. Ufukwe hakuna wa kukubadilishia.

Pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kutoka kujaa hadi kujaa hupita kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo ratiba inasogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Tuseme Ijumaa yamejaa saa 4 asubuhi. Jumamosi yatajaa saa 5 kasoro dakika 10, Jumapili saa 6 kasoro 20. Na Ijumaa hiyohiyo yatakuwa yamekupwa kabisa saa 10 jioni na dakika kidogo, wakati mmeshafika, mmeweka mizigo, na mtoto anawavuta mkono kwenda kuoga. Mkikuta tope na mwani badala ya maji, mtailaumu hoteli bure.

Maji yanakwenda umbali gani? Hapo kuna hesabu ndogo. Chukua tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa, uizidishe kwa ulalo wa ufukwe. Ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, maji yakishuka mita 3 yatarudi nyuma mita 30 tu. Unaoshuka mita 1 kwa kila mita 100, mita 3 zilezile zinakuwa mita 300 za kutembea juani. Hoteli mbili zinaweza kuwa kwenye pwani moja, jedwali moja la saa za maji kujaa na kupwa, na moja ikawa na bahari siku nzima wakati nyingine ina bahari saa nne au tano tu.

Sasa ncha ambayo wengi hawaishiki. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mara nyingi siku moja au mbili baadaye. Maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayaendi mbali. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni siku 7 na kitu, yaani wiki moja. Na mahali pamoja bamvua hurudi na saa zake zilezile. Kama hapo mnapokwenda bamvua hujaa saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, basi kila mwezi mpevu maji yatakuwa yamekupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, muda mzuri kabisa wa kuoga. Sogeza safari wiki moja tu: hoteli ileile, chumba kilekile, bei ileile, na maji yatakuwa yamejaa saa 4 asubuhi na jioni hayatakwenda mbali. Hakuna pesa ya ziada inayokununulia mabadiliko makubwa kiasi hicho.

Tahadhari mbili za jedwali. Huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 16:10 ni saa 10 jioni na dakika 10, na mtu mwenye haraka hukosea hapo. Mengine huandikwa kwa saa za Greenwich bila kuongeza saa za mahali, basi angalia chini ya ukurasa. Na kama mnakwenda bahari kama Mediteranea, ambako tofauti ya kupwa na kujaa sehemu nyingi haifiki nusu mita, sahau yote niliyosema.

Kisha fungua picha za setilaiti. Mstari mweupe unaokwenda sambamba na ufukwe ni mawimbi yanavunjikia mwambani. Ndani yake maji ni matulivu. Buluu iliyopauka ni mchanga wenye kina kidogo, madoa meusi ni majani ya bahari au mawe. Pima kwa rula ya kwenye ramani kutoka mchangani hadi pale rangi inapogeuka kuwa buluu nzito. Google Earth ina picha za miaka ya nyuma, zipitie zote: baadhi zilipigwa maji yamekupwa, baadhi yamejaa, utaona ufukwe ukiwa na sura zake zote. Ukiona ukuta wa zege au mifuko ya mchanga mbele ya hoteli, pwani hapo inaliwa, na bamvua likijaa huenda pasiwe na mchanga hata wa kuweka kiti. Mto unaoingia baharini karibu ni dosari nyingine: mvua kubwa ikinyesha huleta maji ya udongo na uchafu, na kawaida hushauriwa kukaa nje ya maji siku mbili tatu.

Zamu_ya_Usiku

Bamvua kamaliza habari ya maji, mimi nizungumzie karatasi na ufunguo.

Fanya hesabu ya saa kabla ya bei. Hoteli nyingi huingiza wageni kuanzia saa 8 au saa 9 mchana na kuwatoa saa 4 au saa 5 asubuhi. Ijumaa saa 8 mchana hadi Jumatatu saa 4 asubuhi ni saa 68. Toa za kulala 24, zimebaki 44, na humo kuna kula, kupanga mizigo na jua kali la mchana. Hoteli iliyo saa mbili mbele zaidi barabarani inakula saa 4 kwenda na kurudi, karibu sehemu moja kwa kumi ya hizo. Kwa wiki nzima usingeona pengo. Kwa siku tatu, uzuri wa hoteli ya mbali lazima uwe mkubwa kweli. Ulizeni pia kama mkifika saa 5 mnaweza kuacha mizigo, kubadilisha nguo na kutumia bwawa kabla chumba hakijawa tayari, na kama siku ya kuondoka kuna bafu la wageni waliokwisha kutoa chumba. Hoteli zenye utaratibu huo zinakuongezea karibu siku nzima bila malipo.

Majina ya vyumba yasikudanganye. "Mtazamo wa bahari" maana yake ni kwamba kuna mahali fulani chumbani ukisimama utaiona, pengine ukiinamia baraza na kugeuza shingo. "Kinachotazama bahari" ni kingine, na "cha ufukweni" ni kingine tena. Omba ramani ya eneo lote, uulize jengo gani, ghorofa ya ngapi, hatua ngapi hadi mgahawani. Kwa mama mkwe hili ni kubwa kuliko nyota. Eneo kubwa lenye bustani linaweza kuwa na mita 400 kutoka chumbani hadi kifungua kinywa, mara mbili, mara milo mitatu: hizo ni kilomita 2.4 kwa siku kabla hajaugusa mchanga. Uliza kama kuna kigari cha kubeba wageni na kinafanya kazi mpaka saa ngapi. "Ghorofa ya chini" nayo si lazima iwe bila ngazi, nyingine zimejengwa juu ya ukingo na kuna ngazi 30 kushuka ufukweni. Andika neno "ngazi", uliza idadi.

Usikubali chumba karibu na jiko, chumba cha mashine za bwawa, jenereta, maegesho, wala ukumbi wa sherehe. Uliza waziwazi kama kuna harusi au mkutano tarehe hizo. Mapokezi wanajua, iko kwenye kitabu chao tangu miezi iliyopita.

Vyumba hugawiwa kwa majina asubuhi ya siku ya kufika, mara nyingine jioni ya jana yake. Anayeandika ombi wiki moja kabla na kupiga simu siku moja kabla ndiye anayepata kile cha kona. Aliyenyamaza anapewa kilichobaki.

Chakula sasa. Kwenye uthibitisho mtaona herufi: BB ni kifungua kinywa, HB ni kifungua kinywa na mlo mmoja, mara nyingi wa jioni, FB ni milo mitatu, AI ni kila kitu pamoja na vinywaji. Kwa siku tatu zenu mkifika baada ya chakula cha mchana na kuondoka kabla yake, FB huwa na milo mitatu ya mchana ambayo mtakula miwili tu, isipokuwa mkikubaliana waanze na mlo wa Ijumaa au wawafungashie wa Jumatatu. AI inalipa kwa anayekunywa sana na asiyetoka nje ya lango. Uliza vinywaji gani vimo, baa inafungwa saa ngapi, na kama maji ya chupa chumbani yanahesabiwa. Familia yenye mtoto wa miaka 5 na mama mtu mzima, HB inatosha kama kuna pa kula karibu kwa miguu. Kama hakuna, chukua FB na usijisumbue.

Kuhusu kughairi: bei isiyorudishwa huwa chini kidogo. Ikiwa punguzo ni asilimia 10, kwa siku tatu umeokoa chini ya theluthi ya bei ya usiku mmoja, ukihatarisha zote tatu. Ukiwa na mtoto mdogo anayeweza kuamka na homa Alhamisi, mimi nisingeligusa. Soma saa ya mwisho ya kughairi, ni kwa saa za hoteli na si za kwako.

Na kodi ya kila mtu kwa kila usiku, ada ya huduma, dhamana inayozuiwa kwenye kadi: uliza jumla ya mwisho. Mtoto anahesabiwa mtoto mpaka umri gani? Kwingine ni mpaka 11, kwingine 5 tayari analipa nusu. Kitanda chake kiko ndani ya bei au nje?

Sukari_Guru

Nyongeza fupi kuhusu maoni ya wageni. Alama ya jumla ni wastani wa miaka, meneja akibadilika au hoteli ikichoka inachelewa kushuka. Panga maoni kwa tarehe, soma ya miezi 6 ya karibuni, halafu rukia ya mwezi huohuo mwaka uliopita, maana upepo, mwani na mbu vina msimu. Acha ya nyota 5 na ya nyota 1. Waliotoa 3 ndio hueleza. Tafuta kwa neno: jenereta, harusi, ujenzi, unyevu, ngazi, mwani. Mtu mmoja akilalamika ni bahati yake mbaya. Watatu ndani ya miezi miwili wakitaja kitu kilekile, kipo.

Picha za hoteli hupigwa kwa lenzi pana, bwawa likaonekana ziwa. Hesabu viti vya kulalia pembeni: kiti kina urefu wa mita 2 hivi, utapata ukubwa wa kweli. Tazama za wageni, hasa za choo. Silikoni nyeusi kwenye pembe za bafu na rangi iliyovimba chini ya dirisha ni unyevu wa muda mrefu, na harufu yake haitoki kwa kufungua dirisha.

Picha zikijaa watu wanaovutwa majini na tiara, hapo pana upepo wa kuaminika. Raha kwao, karaha kwa mtoto: mchanga machoni, maji yanapigapiga siku nzima.

Kiganja_Chekundu

Nashukuruni sana, nimejifunza zaidi ya nilivyouliza. Nimebakiza mbili. Ya kwanza iko ndani ya mwamba. Kwa rula ni kama mita 600 kutoka mchangani hadi maji mazito, ufukwe umelala kabisa. Ya pili mchanga wake unashuka haraka, mita 25 tu rangi inageuka, na bahari ipo muda wote. Bei zinakaribiana. Kwa maelezo ya Bamvua nichukue ya pili?

Kipimo_Mkononi

Hapana. Hapa sikubaliani na namna Bamvua alivyoiweka, kana kwamba maji kuondoka ni hasara tupu. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, ufukwe uliolala ndani ya mwamba ni beseni: maji ya magotini, ya uvuguvugu, hayana wimbi. Ule unaoshuka haraka ndio wa kuogopa. Wimbi halipati pa kuchokea, linabeba nguvu zake zote na kuvunjikia mchangani, pale hasa mtoto anapochezea na mtu mzima mwenye magoti mabovu anapojaribu kutoka. Linamwangusha, likirudi linamvuta. Dalili unaiona hata kwenye picha: mchanga wa chembe kubwa hujenga ufukwe wenye mteremko mkali, ule laini kama unga hulala. Mama mkwe kutoka majini kwenye mteremko wa mchanga mzito ni kazi ya watu wawili.

Chukua ya kwanza, ila iwe na bwawa zuri la kujaza saa zile bahari imeondoka. Bwawa nalo lina maswali yake: kina cha upande wa watoto (sentimita 40 hadi 60 kwa umri huo), ngazi za kuingilia zenye kishikio kwa ajili ya mama, na mlinzi wa bwawa yupo saa ngapi hadi saa ngapi. Mkifika, sakafu ya mwisho wa kina ionekane wazi na kifuniko cha tundu la chini kiwe kimefungwa imara. Klorini huru, ile ambayo bado haijatumika, huwa sehemu 1 hadi 3 kwa milioni na pH, kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, bwawa linaloangaliwa lina daftari la vipimo, na kuomba kuliona si utovu wa adabu. Harufu kali inayochoma pua watu huidhani usafi. Ni kinyume chake: klorini imeshakutana na jasho na mkojo.

Bamvua

Nakubali, Kipimo, kwa mtoto wa miaka 5 una haki. Lakini beseni lako lina tundu. Angalieni kwenye picha ya setilaiti pale mstari mweupe wa mwamba unapokatika: huo ni mlango, na maji yakipwa, bahari yote ya ndani inatokea hapo kwa nguvu. Hoteli iliyo mkabala na mlango haifai kuogea wakati maji yanatoka. Iliyo mita mia kadhaa pembeni haina tatizo hilo. Kiganja, pima.

Na mkitembea nje maji yamekupwa, geukeni kabla hayajaanza kurudi. Kwenye uwanda uliolala maji hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yenu, upande wa nchi kavu, ninyi mkidhani bado mko pakavu. Viatu vya plastiki kwa wote, mawe yana wanyama wa miiba mirefu myeusi. Halafu hilo la wiki: kwa ya kwanza chagueni wikendi ya maji mafu. Ingekuwa ya pili, tarehe isingekuwa na uzito.

Kiganja_Chekundu

Nimepima. Mlango uko kama kilomita 2 kaskazini yake. Maji mafu yanaangukia wikendi ya pili kutoka sasa. Barua nitakayowatumia ni hii:

"Tunaomba chumba cha chini, kisicho na ngazi, karibu na mgahawa, mbali na jenereta na ukumbi. Je, kuna ngazi ngapi hadi ufukweni na hadi bwawani? Kuna sherehe au ujenzi wowote tarehe hizo? Mtoto wa miaka 5 analipa nini na analala wapi? Jumla ya mwisho pamoja na kodi ni kiasi gani?"

Zamu_ya_Usiku

Iko vizuri. Ongeza saa ya kufika na swali la mizigo. Mnahitaji chumba kimoja au viwili vinavyopakana? Andika, usipoandika wanaweza kumweka mama jengo jingine. Itume kwa barua pepe ya hoteli yenyewe hata kama unaweka nafasi kwenye tovuti ya kati. Tovuti hizo hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo waulize kama wewe mwenyewe ukilipa kwao watatoa bei nzuri zaidi au HB kwa bei ya BB. Kisha piga simu saa 2 au saa 3 usiku, Ijumaa au Jumamosi. Anayepokea atakuwa na nafasi ya kuzungumza, na muziki ukiwepo utausikia nyuma yake.

Mkipewa ufunguo, msifungue mabegi kwanza. Washeni kiyoyozi mkiweke nyuzi 24, msikilize kile cha nje kama kinagonga, maana chumvi hula feni zake. Chumba cha mita za mraba 12 hadi 15 kinahitaji kiyoyozi cha kama BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), chini ya hapo usiku mtalala na jasho. Fungueni maji ya moto mpaka yafike kweli, tandazeni chandarua mtafute matundu, jaribuni komeo la mlango wa baraza. Nafasi kati ya vyuma vya baraza isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Dakika kumi zinatosha. Kitanda kikiwa bado hakijaguswa, mapokezi watawabadilishia chumba bila maneno mengi. Mkishalala na kuoga, ni kazi ya kufua upya na meneja ataanza kuuliza sababu.